Kalima Si Bendera ya Wauaji

Mwezi wa Disemba 2023 Bunge la Australia lilipitisha sheria ya kupiga marufuku kuonyesha hadharani alama za chuki, na sheria hiyo ikaanza kutumika tarehe 8 Januari 2024. Huenda msomaji wetu wa Mombasa, Malindi au Lamu akauliza, Australia na sisi wapi na wapi? Lakini katika kuitunga sheria hiyo lilizuka jambo linalomgusa kila mwenye kutamka shahada, na yafaa tulitazame kwa makini, maana hata hapa kwetu si geni.

Tuanze na chanzo. Tarehe 18 Machi 2023, kikundi cha wafuasi wa mawazo ya Hitler kilisimama penye ngazi za Bunge la jimbo la Victoria, mjini Melbourne, kikanyosha mikono kwa saluti ya Kinazi mchana kweupe. Jimbo hilo lilikuwa limekwisha kupiga marufuku alama ya Manazi tangu Disemba 2022, la kwanza katika nchi hiyo kufanya hivyo, lakini sheria yake haikuitaja saluti. Basi mkono ule ulionyoshwa haukuwa kosa, hadi sheria iliporekebishwa Oktoba mwaka huo.

Serikali ya taifa nayo haikukaa kimya. Juni 2023, Mwanasheria Mkuu Mark Dreyfus, ambaye baba yake aliikimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto, alipeleka mswada Bungeni. Mswada huo ulizitaja alama tatu kwa majina: msalaba wa vipembe wa Manazi, alama ya kikosi chao cha SS, na bendera ya lile kundi la Daesh lililojipachika jina la Dola ya Kiislamu. Hapo ndipo Waislamu wa Australia walipoinua vichwa.

Si kwamba waliwapenda wauaji wale. Mwaka 2014 wanazuoni zaidi ya 120 wa nchi mbali mbali walitia saini barua ya wazi ya kumpinga Abu Bakr al-Baghdadi, wakamwonyesha makosa yake moja baada ya jingine kwa hoja za dini yenyewe. Shida ilikuwa kitambaa. Bendera ya Daesh ni nyeusi. Juu yake pameandikwa La ilaha illa Llah, na chini yake pana duara jeupe lenye maneno Muhammad, Rasul, Allah, yamepangwa mstari juu ya mstari. Mpango huo waliuiga kutoka muhuri wa Mtume (S.A.W.). Kila aliyepita chuoni amesikia habari za pete ile ya fedha, jinsi ilivyochongwa kwa ajili ya kupigia muhuri barua za wafalme, ikarithiwa na Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar, hata ikaja ikatumbukia katika kisima cha Aris, Madina, zama za Sayyidna Uthman, ikatafutwa isipatikane. Kitu cha heshima kama hicho ndicho wezi hawa walichokitia katika kitambaa chao, wakakata watu vichwa chini yake.

Sasa askari wa barabarani, asiyejua alifu wala be, atakapoona maandishi ya Kiarabu meupe juu ya kitambaa cheusi kilichotundikwa ndani ya gari, atajuaje ni kipi? Bendera ya Saudi Arabia ina shahada. Hata ile nyeupe ya Taliban ina shahada. Na kwa Muislamu maandishi hayo si pambo. Mwaka 1994 kampuni ya McDonald's ilipochapa bendera za nchi za Kombe la Dunia juu ya mifuko ya chakula, Waislamu walilalamika, kwa kuwa mfuko ule ukishaliwa kilichomo mwisho wake ni jaani. Mwaka 2007 majeshi ya Marekani yaliwadondoshea watoto wa Khost, Afghanistan, mipira yenye bendera za nchi, ya Saudi Arabia mojawapo, na watu wakaja juu: jina la Mungu lipigwe teke?

Basi mashirika ya Kiislamu ya Australia yalikwenda mbele ya kamati ya Bunge yakasema kwamba kuiweka shahada katika orodha moja na alama za Manazi ni kuwatia doa watu wasiohusika. Na hapa hatuna budi kuwapa wabunge wale haki yao, maana walisikia. Kamati ilishauri bendera hiyo isitajwe kwa jina katika sheria, serikali ikakubali, na badala yake pakawekwa kifungu juu ya alama za makundi ya kigaidi kwa jumla. Sheria ikaacha pia nafasi kwa dini, elimu, sanaa na uandishi wa habari.

Wahindi nao walikuwa na kesi kama hiyo, tena ya miaka mingi. Swastika ni alama yao ya tangu kale, na jina lake katika Kisanskriti lina maana ya kheri. Wahindu, Mabudha na Majaini huichora milangoni na katika mahekalu, na wafanyabiashara wa Kigujarati huichora katika madaftari mapya ya hesabu wakati wa Diwali. Hitler aliitwaa mwaka 1920 akaifanya alama ya chama chake. Januari 2007 Ujerumani ilipotaka ipigwe marufuku katika Ulaya yote, Wahindu wa Uingereza walipinga, na shauri likaachwa. Wabunge wa Australia walijifunza: sheria yao yautumia msamiati wa Kijerumani, Hakenkreuz, ili neno swastika libaki na wenyewe.

Hata Wajerumani, walio wazoefu wa marufuku haya, wamewahi kujikwaa. Kifungu cha 86a cha sheria yao ya jinai kinaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitatu. Mwaka 2006 mahakama ya Stuttgart ilimtoza faini muuzaji wa fulana na vibandiko vilivyoonyesha alama ya Manazi ikiwa imepigwa msitari wa kukatwa au kutupwa pipani! Yaani mpinga Manazi aliadhibiwa kama Nazi. Machi 2007 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo ikaitengua hukumu hiyo, kwa kuwa alama iliyoonyeshwa ili ipingwe haimtumikii aliyeibuni.

Wanawake wa mwambao hawahitaji jaji kuwafundisha jambo hili. Leso ni ile ile na maandishi yake ni yale yale. Ikivaliwa jikoni ni nguo ya kazi. Ikivaliwa kwa makusudi na kupitishwa polepole mbele ya mlango wa mke mwenza, mtaa mzima unajua kuna vita. Kinachopimwa ni niya na mahali.

Pamoja na hayo, hatukubaliani na wasemao kwamba alama ni rangi tu na sheria isijishughulishe nazo. Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, Waislamu 51 waliuawa katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand. Mwuaji alikuwa raia wa Australia, na silaha zake alikuwa amezichorachora maandishi na alama, pamoja na majina ya vita vya kale baina ya Wakristo na Waislamu. Alama zilimtangulia kabla ya risasi. Nchi inayowazuia watu wa namna hiyo wasitembeze alama zao mbele ya misikiti na masinagogi inafanya wajibu wake.

Tunalolishuku ni lile la Februari 2025, Bunge hilo hilo lilipoamua kwamba mwenye kutoa saluti ya Kinazi au kuonyesha alama za chuki afungwe muda usiopungua mwaka mmoja. Kabla ya hapo, Novemba 2024, hakimu wa Melbourne alikuwa amempima mtu wa kwanza katika jimbo la Victoria aliyetiwa hatiani kwa saluti hiyo, akampa mwezi mmoja. Hakimu akishanyang'anywa mizani, ile kazi ya kutofautisha mjinga, mzaha na adui ataifanya nani? Itabaki kwa askari wa barabarani.

Kwetu Kenya sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa taifa, iliyotungwa baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa katika machafuko ya uchaguzi, hukataza maneno na maandishi ya kuchochea chuki ya kikabila, na adhabu yake ni faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Orodha ya bendera haimo. Lakini Februari 2014, polisi walipoingia Masjid Musa, Mombasa, bendera nyeusi zenye shahada zilionekana, za namna ile itumiwayo na Al-Shabaab. Aliyezileta msikitini aliidhulumu kalima kabla hajaivunja sheria yoyote, na wazee walionyamaza wana lao la kujibu.

Iwapo siku moja wabunge wetu watataka kuandika sheria kama ya Australia, masheikh na mawakili wa Pwani wasingoje mswada usomwe mara ya tatu. Waende mapema mbele ya kamati, wachukue na vitambaa vyenyewe mkononi: bendera ya Al-Shabaab, bendera ya Saudi Arabia, na bendera ya zefe la Maulidi ya Lamu, wazitandike mezani, wawaulize wabunge ni ipi wanayotaka kuikamata.