Mafuta yanapanda: gari lisilokula sana analimudu nani?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000, na mwezi Juni serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100. Wengi wakaanza kutafuta gari lisilokula mafuta.

Tupige hesabu. Magari mawili yanatembea kilomita 40 kwa siku. La kwanza linakwenda kilomita 8 kwa lita, la pili 16. Lita ikiwa shilingi 3,000, la kwanza linameza 15,000 kwa siku, la pili 7,500. Kwa siku 25 tofauti ni shilingi 187,500.

Magari ya aina ya pili yapo: ya injini ndogo kama Passo, na ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, kama Aqua. Kikwazo ni kulipata. Gari likizidi miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15. Likizidi 10, asilimia 30. La karibuni nalo bei yake iko juu tangu Japani. Mwenye kipato kidogo huishia kununua kuukuu lililoko mtaani, kisha tofauti anailipa sheli, lita kwa lita.

Gesi asilia ni nafuu, ila vituo vyake vingi viko Dar es Salaam. Sisi wa mikoani bado tunasubiri.

Kwa hiyo ukifika yadi, usiishie kuuliza bei. Uliza linakwenda kilomita ngapi kwa lita, kisha piga hesabu ya mwaka mzima.