Usikimbilie kununua injini

Mama mmoja wa Nakuru ameniletea barua ndefu kuhusu gari lake, Nissan X-Trail la mwaka 2003. Anasema taa ya manjano yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi, naye akaipuuza kwa kuwa gari lilikuwa likienda vizuri. Siku moja akitoka Nairobi na watoto, gari likazima ghafla karibu na Gilgil, lori likiwa nyuma yake. Walikaa kando ya barabara yapata nusu saa. Alipojaribu ufunguo, likawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Tangu hapo limemfanyia hivyo mara tatu. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na pampu ya petroli. Wa pili amemwambia injini imekwisha, atafute nyingine. Sasa mama huyu anauliza kama atoe pesa alizoweka za karo ya muhula ujao.

Mama, karo usiiguse kwanza.

Taa hiyo huwashwa na kompyuta ya gari inapogundua hitilafu. Hitilafu hiyo hupewa nambari, yaani herufi P ikifuatwa na tarakimu 4, na nambari huwekwa akibani mpaka mtu aje kuisoma. Katika barua yako yote hukutaja nambari hata moja. Nadhani mafundi hao wawili hawakuisoma. Walikisia, nawe ukalipa.

Gari la aina yako likizima injini ikishapata moto, kisha likawaka baada ya kupoa, mshukiwa wangu wa kwanza ni sensa ya krenkishafti, au mwenzake, sensa ya kemshafti. Nambari zake aghalabu ni P0335 na P0340. Hivi ni vidude vidogo tu, vinavyoiambia kompyuta injini imefika wapi katika mzunguko wake, ili ijue ni wakati gani plagi zitoe cheche na petroli inyunyizwe. Sehemu za umeme zilizo ndani yake huchoka kwa joto la miaka mingi. Sensa ikinyamaza, kompyuta haijui la kufanya na injini huzima. Ikipoa hurudi kazini. Wenye X-Trail za miaka hiyo wanaifahamu sana shida hii, na bei ya sensa haikaribii hata kidogo bei ya injini.

Lakini nami sitaki kukisia kama wale mafundi. Tafuta fundi mwenye mashine ya kusomea nambari, na umuulize kama inaelewa Nissan zilizotengenezewa soko la Japani. Marekani ililazimisha magari yote mapya yatumie mfumo mmoja wa kusoma hitilafu kuanzia yale ya mwaka 1996, lakini magari mengi ya Japani ya miaka hiyo yaliendelea kuzungumza lugha ya kiwanda chake. Ndiyo maana vile vidude vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu wakati mwingine havipati jibu lolote. Fundi asing'oe waya wa betri kabla ya kusoma. Akifanya hivyo nambari huenda zikafutika, na ushahidi ukapotea.

Nambari ikiwa ni ya sensa, achunguze kwanza nyaya zake na pale zinapochomekwa, kwani oili ikivuja humo au waya ukikwaruzika, sensa nzima huonekana mbovu. Zikiwa salama, badilisha sensa zote mbili kwa pamoja, na utafute za asili. Za kuiga zimejaa madukani na nyingine hazidumu.

Nambari ni dalili tu. Chukua P0171, inayosema hewa imezidi petroli. Fundi mwenye haraka atakuuzia sensa ya moshi, kumbe ni mpira wa hewa uliopasuka. Au P0301, kwamba silinda ya kwanza hailipuki sawasawa. Hapa kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi: koili ya silinda ya kwanza ihamishiwe ya pili, na ya pili iletwe ya kwanza. Nambari zifutwe, gari liendeshwe. Ikirudi P0302, mbovu ni koili, kwa sababu ugonjwa umehama nayo. Ikibaki P0301, mtazame plagi, kisha kinyunyizio cha petroli. Fundi anayekubali kufanya hivyo mbele ya macho yako, mshikilie sana huyo.

Taa ikiwaka bila kumeta, unaweza kwenda polepole hadi kwa fundi, mradi gari halizimi wala halitetemeki. Wewe mama, kwa kuwa lako linazima, usilipeleke tena barabara kuu hadi litengenezwe. Taa ikianza kumeta, punguza mwendo mara moja na usimame mahali salama. Huwa petroli inapita bila kuchomeka na kuingia katika kataliti, ambayo hupata joto kali hadi ikaharibika. Na ile taa nyekundu ya oili ni jambo jingine kabisa: zima injini papo hapo.

Nimeombwa pia nishauri wanaotafuta gari la mkononi. Kabla ya kuliwasha, zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, na uitafute hii ya injini. Lazima ionekane. Isipoonekana, huenda muuzaji ameing'oa balbu au ameiziba kwa utepe. Muulize kwa nini, na pesa zako ziwe bado mfukoni.

Jumapili ijayo: betri inayokufa kila asubuhi.