Ukuta wa manjano au ukuta mweupe kidogo?

Ndugu mliokimbia makwenu tangu mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza Lubunga mwaka 2023, leo nasema juu ya kuta za ndani.

Kuna wanaosema: mhamaji atapakaje rangi nyumba ya watu, naye kesho anarudi kwao? Mimi nakataa. Kesho hiyo imeshakuwa miaka, na mtoto anakulia ndani ya chumba hicho.

Bila kununua rangi ya dukani, tunazo mbili. Ya kwanza ni udongo wa manjano peke yake: inaficha moshi na alama za mikono, lakini jioni inameza mwanga. Ya pili ni udongo ule ule uliochanganywa na mpembe, ule mweupe wa sokoni: inachafuka upesi, lakini inarudisha mwanga. Umeme ukikosa, mtoto anasoma kwa tochi moja. Hapo tofauti inaonekana.

Maoni yangu: ya kwanza ipakwe chini, hadi kimo cha mtoto; ya pili juu. Chekecheni udongo, tieni uji mwepesi wa unga wa muhogo ili usishike nguo. Jaribuni kwanza mahali padogo, paacheni pakauke, kisha patazameni mchana na usiku. Rangi mbichi inadanganya.

Na wewe mwenye nyumba, ukiombwa ruhusa, itoe. Usipandishe kodi kwa sababu ukuta umependeza: aliyeupendezesha ni mpangaji wako.