Mti wa Haraka na Mti wa Kwetu

Nimechoka kusikia kwamba mti mwema ni ule uotao haraka. Kila mgeni ajaye hapa Mpanda kutufundisha upandaji miti, sifa ya kwanza anayoitaja ni upesi. Sifa ya pili haitaji.

Sipingi kuzalisha miti ya kukua upesi. Hiyo ni elimu, na mimi ni mwalimu. Mwaka 1935 huko Sweden, Profesa Herman Nilsson-Ehle alichunguza mti wa aspeni wenye majani makubwa kupita kawaida, ukaonekana una seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Baadaye wataalamu wa huko walichanganya aspeni ya kwao na ya Marekani, wakapata chotara likualo upesi na kustahimili baridi. Viwanda vya viberiti vilihitaji mti wa namna hiyo. Lakini tazama, ndugu msomaji, walianzia wapi: kwenye mti wa msitu wao wenyewe, wakaujaribu katika baridi yao wenyewe.

Sisi tumeanzia wapi? Tumepokea mti uliokwisha kutengenezwa. Mkaratusi asili yake ni Australia. Mwaka 1997 Kenya ilianza mradi wa kuleta kutoka Afrika Kusini machotara ya mkaratusi upendao mvua na ule ustahimilio ukame. Si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kazi imekwisha.

Hapa kwetu tumbaku ya mvuke hukaushwa banini kwa moto wa usiku na mchana karibu juma zima, na kuni zake zimekula miombo. Basi tunaambiwa tupande mikaratusi. Vema, lakini tuipande katika mashamba yaliyochoka! Nimeona kwa macho yangu mtu akifyeka mitundu na miyombo, chakula cha nyuki wake mwenyewe, apate pa kupanda mikaratusi. Naye akahesabiwa kuwa mpanda miti hodari.

Wala simcheki. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwaamuru wanachuo kupanda mikaratusi 200 ukingoni mwa chemchemi, nikajisifu. Miaka michache baadaye miti ilipita paa la bweni, na chemchemi ikawa inakauka kila Agosti. Wapishi walitembea mbali na ndoo kichwani. Hakuna mtaalamu aliyenilazimisha; mimi mwenyewe nilipenda upesi. Mchuma janga hula na wa kwao.

Na mninga je? Mche wake hufa shina kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa chini, hata mwaka mmoja shina huinuka lisife tena. Asiyejua husema umeshindwa. Nimefundisha vijana wengi wa namna hiyo.

Mikaratusi nimeletewa mara nyingi. Mche wa mninga uliotoka kwa mama aliyechaguliwa, sijaletewa hata mmoja. Taasisi ya utafiti wa misitu tunayo tangu mwaka 1980. Ipewe fedha na muda ichague mininga na mitundu iliyo bora, nasi wazee tuwaonyeshe wataalamu ilipo kabla haijawa kuni.

Nyuma ya nyumba yangu nina miche 14 ya mninga. Kiangazi hiki yote imekufa shina, na jirani ananicheka. Nimefyeka nyasi kuizunguka, moto usiifikie.