Kabla ya Kuandika Saizi ya Fulana, Tuulizane Afya



Vijana wa huku kwetu Igoma wameanza kuchanga fedha za safari ya kwenda kuona maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro. Ni jambo jema na tunaliunga mkono. Wengi wao wamezaliwa na kukulia kati ya mawe na ziwa, na matembezi yao ya parokia huishia kisiwani Saanane. Saanane ni pazuri, lakini ukishapazunguka mara mbili umepamaliza. Kuuona mto ukianguka takriban mita 170, ndani ya msitu wenye kima na mbega wasiopatikana mahali pengine duniani, kunamfanya kijana amshukuru Muumba bila kuhimizwa na katekista.

Hata hivyo, tumeliona daftari la maandalizi. Lina jina la kila kijana, fedha aliyolipa, fedha anayodaiwa, na saizi ya fulana yake. Saizi za fulana zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa kweli. Hatukuona mahali palipoandikwa nani ana pumu, nani huanguka kifafa, nani anatumia dawa za kila siku, wala nani ana seli mundu, ugonjwa ambao wengi wetu bado tunauita sikoseli. Tunasema wazi kwamba daftari la namna hiyo halijakamilika, na kwamba basi lisilipiwe kabla halijakamilika.

Tuanze na seli mundu, maana ndiyo inayotugusa zaidi sisi watu wa Kanda ya Ziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 katika mikoa ya kaskazini magharibi ya nchi yetu, ulionyesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya watano amerithi chembe ya ugonjwa huu kutoka kwa mzazi mmoja, na kama mmoja kati ya 100 ameirithi kutoka kwa wazazi wote wawili na hivyo anao ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna kundi kubwa la vijana ambalo mlezi wake anaweza kuapa kwamba halihusiki. Siku hizi watoto hawa wanapata kliniki na dawa, na wengi wanafika ujana. Wanaimba kwaya, wanatumikia altareni, na wanataka kupanda basi kama wenzao.

Sasa tazameni jinsi safari ya maporomoko ilivyo. Mgonjwa wa seli mundu hupatwa na maumivu makali ya mifupa pale mwili unapokaukiwa maji, unapochoka kupita kiasi, unapopigwa na baridi, au unapopata homa. Safari hii ina yote manne kwa mpango huo huo. Kuna safari ndefu ya basi, kuna kupanda mlima katika joto na unyevu wa msitu, kisha kijana ametokwa jasho anajitosa katika maji baridi, na usiku kuna mbu wa bonde la Kilombero. Asiyejua atasema kijana amelogwa njiani.

Tumewahi kumpokea wodini binti mmoja aliyeletwa siku moja baada ya matembezi ya vijana wa parokia ambayo hatutaitaja. Alikuwa analia kwa maumivu ya mapaja na mgongo. Viongozi waliomleta walishangaa kusikia ana seli mundu, nasi tulipomuuliza kwa nini hakuwaambia, alisema mwaka uliotangulia aliwaambia, na jina lake likafutwa mbele ya kikao kizima. Mwaka huu akaona heri anyamaze. Dada huyu hakuwa mkaidi. Alijifunza kutokana na jinsi alivyotendewa.

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya walezi wa vijana. Wao husema, "Mgonjwa abaki nyumbani, tusije tukalaumiwa." Tunawaelewa, maana lawama ni nzito. Lakini kanuni hiyo haimwachi mgonjwa nyumbani, inamfundisha kuficha. Atakwenda, ila atakwenda bila maji ya kutosha, bila dawa, na bila mtu wa kumwangalia. Kati ya mgonjwa anayejulikana na mgonjwa aliyejificha, anayewaletea msiba ni wa pili.

Basi afya iulizwe mapema, na iulizwe faraghani. Si kwenye kikao, si kwenye kundi la simu, wala si kwa kunyosha mikono baada ya Misa. Achaguliwe mtu mmoja, ikiwezekana muuguzi au tabibu aliye muumini wa parokia, azungumze na kila msafiri peke yake kwa dakika tano. Wenye umri mdogo waje na mzazi. Aulize magonjwa, dawa, mzio, na kwa akina dada aulize pia, kwa heshima, kama kuna ujauzito. Anachoandika akikunje na kukitunza mwenyewe, na safari ikiisha akichome moto. Si kitubio, lakini siri ni siri. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hana haja ya kujulikana na mtu mwingine yeyote. Anahitaji tu kukumbushwa kwamba dawa zake zikae mkobani mwake na si kwenye buti la basi, na azichukue za siku nyingi kuliko za safari, kwa kuwa mabasi huharibika.

Pamoja na hiyo, iwepo orodha ya wazi ya majina, yenye namba ya simu ya ndugu wa kila mmoja, nakala moja ibaki ofisini kwa Paroko. Watu wa Igoma hatupaswi kuelezwa sana juu ya jambo hili. Makaburi ya ndugu zetu wa MV Bukoba, waliozama tarehe 21 Mei 1996, yako hapa hapa kwetu. Meli ile ilibeba watu kupita uwezo wake, na hadi leo hakuna anayeweza kutaja idadi kamili ya waliokuwamo, kwa sababu wengi walipanda bila kuandikwa. Kuna familia zilizozunguka wiki nzima zikiuliza kama mtu wao alikuwamo au hakuwamo.

Tukirudi kwenye safari yenyewe, jambo la pili ni kupanga mwendo kwa kumfuata aliye mdhaifu. Kutoka Mwanza mtapita Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, ndipo mkate kona Mikumi kuelekea Kidatu na Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi. Sisi wauguzi tunajua tabia ya abiria wetu, hasa akina dada: hawanywi maji ndani ya basi ili wasihitaji choo. Wanafika midomo imekauka, miguu imevimba, na kesho yake alfajiri wanaambiwa wapande mlima. Mlezi apange vituo vya choo na avitangaze tangu mwanzo, kwamba basi litasimama hapa na pale. Akina dada wakiwa na uhakika wa choo watakunywa maji. Na baada ya kufika, siku moja nzima iwe ya kupumzika. Tunajua siku hiyo ina gharama ya malazi na chakula. Afadhali mpunguze fulana.

Kabla ya hapo, wafanye mazoezi huku huku nyumbani. Jumamosi mbili au tatu watembee kwa miguu kutoka Igoma hadi Bujora na kurudi, kila mmoja na chupa yake ya maji na viatu atakavyovaa safarini. Njiani itaonekana nani anabaki nyuma, nani anashika kifua, na nani amenunua viatu vipya vinavyomchubua. Kuvijua hayo Kisesa, bodaboda ikiwa inapita, ni bora kuliko kuvijua ndani ya msitu. Udzungwa haina barabara ya magari ndani yake. Aliyevunjika mguu hubebwa na wenzake mpaka chini. Mlezi awe na kanga mbili imara za kufungia machela, na awe amejua kabla kwamba hospitali kubwa ya karibu ni ile ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo.

Kwenda Sanje na kurudi huchukua kama saa tatu hadi nne kwa mtu mzima mwenye nguvu. Kwa kundi la parokia, wekeni saa sita. Muanze saa moja asubuhi kabla ya jua kali, na mwongozaji wa hifadhi awe mbele, maana huruhusiwi kuingia bila yeye. Nyuma kabisa atembee kiongozi mzima wa afya, asiyeruhusiwa kumpita mtu yeyote. Vijana wenye mbio watalalamika, waacheni walalamike. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mizuri, kwa kuwa wakati wa masika njia huteleza vibaya.

Kila mmoja abebe maji yasiyopungua lita mbili, na mwenye seli mundu lita tatu, anywe kidogo kidogo kabla kiu haijaja. Soda si maji. Wachukue pakiti za ORS, na zikikosekana, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maji ya mtoni yasinywewe hata yakiwa meupe kama kioo.

Mwenye seli mundu akifika kwenye maporomoko atazame, apige picha, anawe uso, lakini asioge katika maji yale. Awe na fulana kavu ya kubadili. Maumivu yakianza asimame, afunikwe, anywe maji na dawa ya maumivu aliyopewa kliniki. Akisema kifua kinabana, au anahema kwa shida, au ana homa, safari imeisha kwa kundi zima na hospitali ndiyo inayofuata. Mwenye kifafa naye anaweza kutembea vizuri, ila asisogee kwenye ukingo wa maji bila mtu wa kumshika, na asikose usingizi wala dawa usiku wa kuamkia.

Kuhusu kuogelea kwa hao wengine, tuna wasiwasi na vijana wa ziwani. Wanadhani maji yote ni ya Nyanza. Chini ya maporomoko maji yamejaa povu na hewa, hayambebi mtu kama yanavyombeba ziwani; yanamvuta chini, na mawe ya humo yana utelezi wa mlenda. Tena ukweli ni kwamba wengi wetu tunaoishi kando ya ziwa hatujui kuogelea, tunajua kuoga. Aruhusiwe kuingia pale tu mwongozaji anaposema, maji yasipite kiuno, na asiruke mtu kutoka juu ya jiwe.

Nyoka huuliziwa kuliko yote, ingawa ndio wanaotuletea wagonjwa wachache zaidi katika matembezi kama haya. Vaeni viatu vya kufunika mguu na msitie mkono msipopaona. Aliyeumwa alazwe, mguu utulizwe kwa kufungwa kwenye kijiti, avuliwe pete na viatu, abebwe kwenda hospitali. Msimchanje, msimnyonye, msimfunge kamba ya kukaza. Na lile jiwe jeusi? Tunajua lilienezwa pia na wamisionari, na wapo watakaotukasirikia, lakini sumu iliyokwisha kuingia mwilini haitolewi na jiwe. Madhara yake makubwa ni saa zinazopotea watu wakisubiri linate na kudondoka.

Malaria mmeizoea, na hilo ndilo tatizo. Lalieni vyandarua vyenye dawa huko Mang'ula kama mnavyolala hapa, tena mwenye seli mundu kwake malaria ni hatari zaidi kuliko kwa wenzake. Homa ya huko haiji siku ya maporomoko. Huja baada ya wiki moja, mbili au zaidi, wakati picha zimeshasambazwa na fulana zimeshafuliwa, kijana akadhani ni uchovu wa safari. Walezi wawapitie vijana wao majumbani katika mwezi ule, na yeyote mwenye homa aende kupimwa siku hiyo hiyo, amwambie muuguzi kwamba alikuwa safarini Kilombero na tarehe aliyorudi.