Afya ya Msafiri

Msafiri anapoondoka nyumbani twamwandalia nguo na masurufu, lakini mara nyingi twausahau mwili wake na moyo wake. Mwezi huu twapenda kusema machache juu ya viwili hivi.

Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitoka kwao Tangier mwaka 1325 kwenda Hija, naye ni kijana wa miaka 21. Njiani alishikwa na homa. Akakataa kupumzika, akajifunga juu ya tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka. Alipofika Tunis, wenyeji wakatoka kuwalaki wenzake, na yeye asipate hata mmoja wa kumwamkia. Akalia sana. Haji mmoja akaiona hali yake, akamsogelea kwa salamu na mazungumzo mpaka wakaingia mjini. Homa ilimshika mwilini na upweke moyoni. Na dawa ya huo wa pili ilikuwa ni maneno mema tu.

Safari za leo ni za haraka, bali mashaka hayakwisha. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita digrii 50, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo 1,301. Wengi wao walikuwa wametembea mwendo mrefu juani bila ya kivuli, na miongoni mwao walikuwamo wazee na wenye maradhi ya siku nyingi.

Basi enyi mnaowapeleka wazazi wenu, wapelekeni kwa daktari mapema. Dawa za sukari na za presha zikae katika mkoba wa mkononi, zisitiwe katika mizigo. Ndani ya ndege wasikae kitako muda wote, kwani damu huweza kuganda miguuni; wasimame, wanyooshe miguu, na wanywe maji. Huko waendako, wachukue mwavuli na waliepuke jua la mchana.

Sheria yetu yenyewe imeyatambua mashaka ya safari: msafiri hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na hufungua Ramadhani akalipa baadaye. Mwenye kupewa nafasi hiyo asijikalifishe.

Na moyo je? Mpigieni simu mzee wenu kila siku, msingoje arudi. Na huko ugenini, ukimwona mtu amekaa peke yake, mwanzeni kwa salamu.