Kazi za Mikono: Mashini ya mchezo inaomba wati ngapi?



Kuna vijana wanaojitengenezea mashini ya mchezo ya kusimama: sanduku la mbao lenye urefu wa mtu, ekrani mbele ya macho, vifungo na kijiti cha kuongoza chini yake, na ordinateri ya zamani ndani. Fundi wa mbao amemaliza, rangi imekauka. Inabaki sauti. Basi wanaenda ku soko na ulizo moja tu: «Bafle ya wati ngapi?» Na mwuzaji, bila kukawia, anawaonyesha ile kubwa kupita zote.

Ulizo la kwanza si lile. La kwanza ni hili: nani atasikia? Mwenye kucheza anasimama karibu nusu ya metre mbele ya mashini. Na nyuma ya ukuta, katika nyumba zetu za kambi zenye kushikana, kuna papa aliyetoka kazi ya usiku asubuhi, na jioni atarudi tena. Mmoja anataka kusikia, mwingine anataka kulala. Sauti njema ni ile inayowatosha wote wawili. Na inapatikana bila kutoa makuta mingi.

SAUTI IKO NA KAZI GANI?

Mashini hizi zilizaliwa kwa ajili ya sale za michezo za Japani, Marekani na Ulaya, fasi za watu wengi na makelele. Kila moja ilipaswa kulia kuliko jirani yake ili iite wateja. Lakini sauti ilikuwa na kazi nyingine, ile ya kumwambia mchezaji kinachotokea. Katika Space Invaders, mchezo uliotoka Japani mwaka wa 1978, kuna noti nne nzito zinazorudiarudia. Maadui wakipungua wanakwenda mbio zaidi, na noti nazo zinakwenda mbio, mpaka moyo wa mchezaji unapiga pamoja nazo. Spika inayokoroma, au iliyo nyembamba kama ya simu, inapoteza noti zile, na nusu ya mchezo imepotea.

Tena, michezo mingi ya miaka ile ilitoa sauti moja tu, bila kushoto na kulia. Mwaka wa 1985 watengenezaji wa Japani walipatana juu ya ginsi moja ya kuunga kadi za michezo, inayoitwa JAMMA. Katika nyaya zake za sauti kuna paka fasi ya spika moja. Kwa hiyo usione haya kuweka moja. Spika moja nzuri inapita mbili mbaya.

WATI MOJA SI KITU KIDOGO

Nguvu ya sauti kwenye sikio inapimwa kwa desibeli. Spika nyingi za kawaida, ukizipa wati moja, zinatoa karibu desibeli 88 kwa mtu aliye metre moja mbele yake. Ukisogea mpaka nusu ya metre, zinaongezeka 6: zinakuwa 94.

Sasa sikieni. Wenye kulinda afya ya wafanyakazi wanahesabu hivi: desibeli 85 sikio linaweza kuzivumilia saa 8 kwa siku. Kila ukiongeza 3, saa zinagawanyika kwa mbili: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja tu. Hesabu ile imefanywa kwa watu wakubwa walio kazini. Kwa mtoto inafaa kushuka chini zaidi. Hivi, wati moja yenye kulia bila kupumzika mbele ya uso wa mtoto imekwisha kupita kiasi. Sehemu moja ya kumi ya wati inatoa kama desibeli 84, na hiyo njo sauti ya kutosha kwa mchezo.

Wazee wetu wengi walioshinda karibu na mashini za kusaga mawe wanajua ginsi masikio yanavyokwenda: hayaumi, yanapungua kidogo kidogo, na yakiisha kwenda hayarudi.

Basi wati 3 mpaka 5 za kweli zinatosha kabisa. Nyingine zinabaki akiba ya mshindo wa ghafula, ili sauti isipasuke.

Na wati za kweli ni zipi? Redio ya motokari inaandikwa mbele yake «4 x 50 W». Chukua hesabu. Motokari ikiwaka, umeme wake ni karibu volti 14,4. Kwa spika ya omu 4, umeme ule hauwezi kutoa hata wati 26 za sauti safi kwa kila spika. Ile 50 ni ya sauti iliyokwisha kupasuka kabisa. Usilipe makuta juu ya namba iliyoandikwa kwenye kartoni.

KUCHAGUA SPIKA

Anza na spika, kwa sababu yenyewe njo inayosikika. Spika yenye upana wa sentimetre 10 mpaka 13 inafaa. Unaweza kuipata katika motokari ya zamani, katika bafle za ordinateri, au kwa fundi wa televizyo. Lakini televizyo ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, mtoto asiifungue. Ndani yake umeme mkali sana unaweza kubaki hata baada ya kuizima na kuchomoa waya. Mwache fundi aitoe spika.

Mbele ya kulipa, fanya majaribu matatu. Kwanza, sukuma karatasi ya spika polepole kwa vidole viwili, pande zote mbili sawasawa. Ikikwaruza ndani, irudishe. Pili, gusisha nyaya zake kwenye batri moja ndogo ya volti 1,5, mara moja tu na kwa haraka. Inapaswa kulia «tok» na karatasi kuruka. Tatu, pima omu kwa kipimo cha fundi. Spika ya omu 8 inaonyesha kama 6 au 7, ya omu 4 inaonyesha kama 3 na kitu. Ni kawaida.

Omu zile ni za lazima. Ampli inaandikwa omu za chini inazoweza kuvumilia. Ukiunga spika mbili za omu 8 sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, ampli inaona omu 4. Ukizifuatanisha moja nyuma ya nyingine, inaona 16. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, na ampli ndogo itaungua.

Neno moja juu ya sumaku. Kama ekrani yako ni ya zamani yenye mgongo, sumaku ya spika ikiwa karibu itaharibu rangi: kijani inaingia fasi ya nyekundu. Isogeze mbali, au tumia spika iliyotoka ndani ya televizyo ya namna ile, kwa kuwa zilitengenezwa ziishi karibu na ekrani. Kama ekrani ni ile bapa ya sasa, usijisumbue.

KUCHAGUA AMPLI

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni bafle ndogo za ordinateri zenye ampli yao ndani. Kwa mtu anayeanza, hii inapita zote. Unaunga, unazungusha kifungo, imekwisha.

Ya pili ni kadi ndogo ya ampli ya volti 5, kama ile yenye namba PAM8403. Inalishwa na sharja nzuri ya simu, na inatoa kama wati 2 safi kwa kila upande ukiipa spika za omu 4. Umekwisha kuona kwamba zinatosha. Iwe na sharja yake yenyewe. Ukiilisha pamoja na ordinateri, mara nyingi utasikia kelele ya «zzzz» hata mchezo ukinyamaza.

Ya tatu ni redio au ampli ya motokari yenye kulishwa na batri ya volti 12. Inafaa kwa lupango ambamo umeme unakatika mara kwa mara. Hapa fyuzi ni lazima, karibu kabisa na batri kwenye waya wa chanya, kwa kuwa batri ya motokari inaweza kuwasha nyaya na mbao kwa dakika chache. Na batri isikae ndani ya sanduku lililofungwa wakati wa kuijaza, juu ya hewa inayotoka, inayoweza kulipuka.

Angalisho kwa njia ya pili na ya tatu: katika ampli hizi waya hasi wa spika si «masi». Usiunge hasi mbili pamoja, wala usiziguse kwenye chuma cha sanduku. Kila spika iwe na nyaya zake mbili mpaka kwenye ampli.

Kama una kadi ya kweli ya mchezo yenye JAMMA, ampli tayari iko juu yake. Unga spika moja ya omu 8 kwenye fasi ya 10 na ile yenye herufi L. Usinunue ampli nyingine bule.

KUFUNGA NDANI YA SANDUKU

Spika ikiachwa inaning'inia, sauti ya nyuma yake inakutana na ile ya mbele, na noti nzito zinakufa. Ikaze kwenye ubao wenye tundu la kipimo chake, bila nafasi ya hewa kupita pembeni, na nyuma yake paf ungwe. Ukifanya hivyo, spika ya bei ndogo itakushangaza.

Iweke juu ya ekrani, ikiinama kuelekea uso wa mchezaji, kama zilivyokuwa mashini nyingi za sale. Sauti ikimfikia mtu moja kwa moja, hana haja ya kuiongeza. Usiielekeze ukutani, wala sanduku lisigusane na ukuta wa jirani. Chini ya miguu yake weka vipande vya mpira wa gurudumu la zamani, kwa sababu noti nzito zinapita katika simenti kuliko katika hewa.

Kifungo cha sauti je? Katika mashini za sale mara nyingi kilikuwa ndani, nyuma ya mlango wa makuta, na ufunguo ulikaa kwa mwenye sale. Tufanye vilevile. Papa au mama, au kijana mkubwa wa nyumba, aweke kiasi mara moja kisha afunge. Watoto wanaongeza sauti kila mmoja juu ya mwenzake, si kwa ubaya, njo mchezo unavyowapeleka.

MBELE YA KUWAALIKA RAFIKI

Fanyeni jaribu la mwisho. Mmoja acheze. Mwingine aingie katika chumba ambamo mfanyakazi wa usiku analala, afunge mlango, alale kitandani dakika tano. Kama anaweza kufuata muziki wa mchezo, sauti ni kubwa mno: punguzeni. Kisha nendeni kwa jirani, mkaulize kwa heshima: «Mama, munatusikia?» Ni afazali kuuliza mbele kuliko kuitwa nyuma.

Tusione ni jambo dogo. Papa anayekosa usingizi mchana anashuka kazini usiku na macho mazito, karibu na magari makubwa na mashimo. Mwendo wa nyumba unaingia pamoja naye kazini. Mchezo wa watoto unaweza kumwacha apumzike, kama waliotengeneza mashini walimfikiri tangu siku ya kununua spika.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea juu ya vifungo na kijiti: ginsi ya kuvitengeneza visivunjike upesi. Kazi njema!